Wavu wa Kuvua Plastiki

Mama Risper,

Nimepanda boti ya serikali!

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia. Nimepanda boti ya serikali, nimevaa jaketi la kuelea, nimekaa mbele kabisa pale ambapo maji yanakurukia usoni, na kazi yangu ilikuwa kuangalia wavu. Mimi Akoth, niliyekuja kwako nikiwa siwezi kufunga hata fundo la kwanza bila ulimi kutoka nje. Daktari mzima wa utafiti akawa ananiuliza, "Akoth, unaonaje, tuuvute sasa ama tungoje?" Nikamwambia tungoje. Na wakangoja, Mama! Boti nzima ikaningoja mimi.

Mwaka umepita tangu tukuzike nyumbani Seme. Nilijaribu kukuandikia mara mbili. Kila mara niliandika "Mama Risper" halafu nikakaa nikiangalia karatasi, kwa sababu sikuwa na habari yoyote isipokuwa kwamba hupo, na hiyo unaijua. Sasa habari ninazo. Ni nyingi hata sijui nishike wapi, kwa hivyo nivumilie nikirukaruka.

Kibanda chetu cha kushonea nyavu bado kimesimama pale ufuoni. Bati la upande wa ziwa liling'olewa na upepo, nimeweka turubai. Kiti chako alikikalia Pamela wa chai siku ya tatu tu baada ya mazishi. Nilimwambia hicho si cha kukaliwa, akacheka, akakaa. Nilimnunia wiki nzima. Halafu nikagundua kwamba kiti kitupu kilikuwa kinaniumiza zaidi kuliko Pamela, nikamwacha. Wavuvi waliendelea kuleta nyavu, lakini miezi ya kwanza walikuwa wananisimamia, wanaangalia vidole vyangu kama askari wa benki. "Risper angepitisha uzi huku," wananiambia, watu ambao hawajawahi kushika sindano ya wavu maishani. Na mimi mara nyingi nilikuwa nageuka kukuuliza kitu. Mdomo umeshafunguka, Mama. Jina lako limeshafika kwa meno.

Basi sikiliza.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nashona wavu wa Mzee Okumu wa kuvulia samaki wa ngege, pikipiki ikasimama nje, akashuka Ouma. Unamkumbuka Ouma wa boti, yule aliyekuwa akikuita shemeji ili umfanyie kazi haraka. Siku hizi anaendesha boti ya watu wa utafiti huko Kisumu. Alikuwa amelowa hadi viatu.

"Akoth, wachana na hiyo yote," akasema. "Iko wavu ya serikali imeraruka na watu wako karibu kulia. Nimewaambia iko mtu Seme."

"Mtu gani?"

"Wewe. Kwani nilikuja kununua chai?"

Njiani akanieleza. Serikali imetoa pesa za kuchunguza plastiki kwenye mito na ziwani. Si chupa na mikebe unayoiona ikielea, hapana. Ni zile chembe ambazo plastiki inavunjikavunjika hadi zinakuwa ndogo kuliko punje ya wimbi, nyingine jicho haliwezi kuziona kabisa. Wanataka kujua mito inaleta kiasi gani, zinatoka wapi, na zinaishia kwa nani. Nilimuuliza Ouma mtu anavuaje kitu asichokiona. Akasema, "Utaiona hiyo wavu, utashangaa."

Nilishangaa. Mama, ungeupenda ule wavu! Una mdomo wa chuma wa pembe nne, mpana kama meza ya kulia, na mabawa mawili ya kuufanya uelee juu ya maji. Nyuma yake kuna mkia mrefu wa kitambaa cheupe, macho yake madogo kama ya chujio la chai. Mwishoni kabisa kuna kikombe, na kila kitu wavu ulichokamata kinajikusanya humo. Niliushika, nikaupapasa, nikauinua kwa mwanga wa dirisha. Kwa macho madogo hivi hata fundo halifungiki, niliwaza. Na katikati ya mkia kulikuwa na mpasuko wa urefu wa mkono wangu, kutoka bega hadi vidoleni. Gogo lililosombwa na Mto Sondu ndilo lililoupasua, pale mdomoni mwa mto unapoingia ziwani.

Mwenye utafiti ni mwanamke, Daktari Mutheu, mtu wa Machakos. Ni mfupi, anatembea haraka, na anaongea polepole, kama miguu na mdomo ni vya watu wawili. Alinieleza shida yao bila kuficha. Wavu mwingine ungetoka ng'ambo na ungechukua miezi. Lakini mafuriko ya kwanza ya msimu ndiyo yanayosomba uchafu uliokaa mitaroni na mashambani tangu kiangazi. Wakiyakosa, ni kungoja hadi mwaka ujao. Na wizara ilikuwa inasubiri ripoti ndipo iamue kama kazi itaendelea ama itafungwa.

"Unaweza?" akaniuliza.

Ungekuwepo ungeniangalia tu kwa lile jicho lako la pembeni. Nikasema naweza.

Kulikuwa na wavu wao wa zamani stoo, umechakaa mdomoni lakini mkia mzima. Nikakata kiraka hapo. Sikufunga mafundo, nilitia mshono ule mdogo wa kurudi nyuma, ule uliokuwa ukinifanya niufumue na kuurudia hadi shingo inakufa ganzi. Nilitumia uzi wetu wa buluu kwa sababu ndio niliokuwa nao kwenye mfuko, na ndio ninaouamini. Jioni ilipofika, watu wawili walivuta kiraka huku na huku kwa nguvu zote. Hakikusogea. Daktari Mutheu alijipiga kofi moja pajani, halafu akasema, "Kesho unakuja na sisi."

Ndiyo nikapanda boti!

Siku tatu tulikuwa majini. Tunaushusha wavu ubavuni mwa boti, mbali na mawimbi ya injini, Ouma anaendesha polepole mno hadi analalamika kwamba bata wanampita. Daktari anaangalia saa. Tukimaliza tunauinua, tunaunyunyizia kutoka nje maji yaliyochujwa ili kila kitu kiteremke kikombeni, halafu tunamimina kwenye chupa ya kioo. Si ya plastiki, ya kioo! Kuna sheria nyingi. Niliambiwa nivae nguo za pamba tu. Sweta yangu ya mtumba, ile nyekundu, iliachwa mlangoni kwa sababu inanyonyoka manyoya, na manyoya yake ni plastiki. Nilicheka sana. Miaka yote nimejifunika plastiki nikidhani ni sufu.

Wavuvi wa upande ule walitupigia kelele: "Mnavua nini na soksi?" Ouma akawajibu, "Tunavua nyinyi!"

Sasa nikwambie sehemu ngumu. Nitaiandika haraka kabla mkono haujagoma.

Baada ya siku hizo tatu Daktari Mutheu akanialika maabara nione kilichopatikana. Nilivaa koti jeupe, Mama. Nilijiangalia kwenye kioo cha mlango nikajiambia, mwone huyu. Wanachemsha lile tope kwa dawa hadi majani na wadudu wanayeyuka, wanalichanganya na maji ya chumvi nyingi, plastiki inapanda juu, wanaichuja kwenye karatasi nyeupe ya mviringo. Halafu hadubini. Daktari aliangalia, akaruka kidogo kwenye kiti.

"Njoo uone! Nyuzi za buluu, nyingi ajabu! Kuna kitu kinatoka mtoni, na ni kitu kimoja."

Nikainama. Kwanza niliona ukungu. Akanionyesha jinsi ya kuzungusha kile kidude, ukungu ukaondoka, na nyuzi zikatokea, zimejikunja kama nywele za mtoto. Buluu. Buluu ile ile. Sikuhitaji mashine kuniambia. Nimeuona uzi ule kila siku ya kazi, najua ulivyosokotwa, najua unavyotoa manyoya ukisuguliwa. Nilikuwa naangalia kiraka changu.

Yeye alikuwa tayari anaandika. Alikuwa na furaha, Mama, furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu. Wasaidizi wake wawili walikuwa wanawapigia wenzao simu. Na mimi nimesimama ndani ya koti jeupe. Nikawaza: nani atajua? Mimi si mtu wa sayansi. Nikae kimya, kila mtu abaki na furaha yake.

Ndipo nikakumbuka ile siku ya wavu wa Okumu. Nilikuwa kwako mwaka wa kwanza, nikaacha sehemu moja dhaifu karibu na kamba ya maboya, nikijua kabisa, kwa sababu nilitaka kuondoka mapema. Kesho yake uliniambia tuvae viatu. Tulitembea hadi nyumbani kwake, jua likituchoma, nami njia nzima nikikuambia hataona. "Mimi nimeona," ulisema. Basi, hayo tu. Ukafika, ukamwambia Okumu, "Wavu wako haujaisha. Akoth atakueleza." Halafu ukaniacha nimesimama pale mbele ya mke wake na watoto wake, nieleze mwenyewe.

Nikasema, "Daktari, huo ni uzi wangu."

Hakuelewa. Nikatoa kibonge cha uzi mfukoni, nikakiweka mezani karibu na hadubini. Nikamwambia kila kitu. Alichukua unyuzi mmoja kutoka kwenye bonge langu, akauweka chini ya kioo kando ya ule wa mtoni. Akazigusa kwa sindano ya moto, zote mbili zikajikunyata sawasawa. Akazipeleka kwenye ile mashine inayosoma plastiki kwa mwanga. Michoro miwili ikatokea kwenye kompyuta, ukiweka mmoja juu ya mwingine huwezi kuitofautisha.

Kazi ya siku tatu yote, kwisha.

Nilingoja anifukuze. Alikaa kitako, akavua miwani, akajisugua macho. "Nilikuuliza kuhusu sweta," akasema. "Nilikuuliza kuhusu leso yako na hata mafuta ya kujipaka. Sikukuuliza kuhusu uzi. Hilo ni langu, Akoth." Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Ungenyamaza, ningeandikia serikali uongo kwa jina langu, na ningeuamini."

Nikalia, basi. Kidogo tu. Kwenye koti la serikali.

Nikauliza kama wavu wenyewe si wa nailoni pia. Akasema ni kweli, lakini kitambaa chake ni uzi mmoja mgumu mweupe usiotoa manyoya, na kipande chake kimehifadhiwa kabatini kwa kulinganisha. Shida ilikuwa uzi wetu wa kusokota. Tulihitaji uzi mwingine, wenye nguvu na usio plastiki, na tuupate upesi. Mvua ilikuwa inanyesha kule juu Kericho, mto unakotoka. Ouma alikuwa amepigiwa simu kwamba mto umeanza kubadilika rangi. Maji makubwa yangefika baada ya siku moja au mbili.

Mama, ungecheka ungetuona mjini! Mimi na Daktari, duka baada ya duka, tunauliza uzi wa pamba. Kila mwenye duka anaapa, "Hii ni pamba safi!" Na mimi nimebeba kiberiti. Kipande kidogo, nakiwasha, na kila mara uzi unajikunja kuwa kishanga cheusi kigumu, unanuka kama beseni lililoungua. Plastiki. Duka la pili, plastiki. La tano, plastiki. Mwenye duka mmoja alitufukuza akidhani tunataka kumchomea biashara. Tulipopata pamba ya kweli, nilivuta ikakatika. Mto Sondu ungeicheka.

Ndipo tukaingia kwa mama mmoja Mhindi, anaitwa Mama Kokila, duka la vitambaa la siku nyingi, rafu zimefika darini. Alikuwa amekaa nyuma ya meza na miwani ya kamba. Nilimweleza. Aliniangalia mikono, hakuniangalia uso. Akauliza, "Wewe nashona nini hasa?"

"Wavu wa kuvua plastiki, Mama."

"Plastiki navuliwa?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka hadi miwani ikaanguka. Halafu akaingia ndani, akakaa sana, Daktari akaanza kuangalia saa. Alitoka na kijisanduku cha bati. Ndani kulikuwa na vibonge vya hariri, vya mama mkwe wake aliyekuwa akitengeneza sari za maarusi. Akawasha kipande yeye mwenyewe. Kiliungua polepole, kikanuka kama nywele zilizochomwa, kikawa majivu. Mimi nikapiga kigelegele pale pale dukani! Wateja waligeuka. Daktari Mutheu, na upole wake wote, alinikumbatia.

Tukachagua rangi ya manjano, ile kali ya bizari, ili ikinyonyoka hata unyuzi mmoja tuutambue mara moja. Nikakaa chini nikafumua mshono wangu wote wa buluu, nikaosha kitambaa, nikashona upya. Sijawahi kushona vile. Hariri inateleza, haivumilii haraka. Nilipumua pole, kama ulivyokuwa ukiniambia, "Nyathina, mwanangu, mkono ufuate pumzi." Kipande cha hariri nikakikata, tukakifungia kwenye chupa, tukaandika kibandiko. Sasa hivi hakuna kitu kinachogusa wavu ule ambacho hakina kipande chake kabatini. Hiyo sheria imewekwa kwa sababu yangu. Nimefanya makosa hadi yakawa sheria!

Na maji yakaja.

Sijui nikueleze vipi. Umeishi ufuoni maisha yako yote lakini hukuwahi kuwa pale mdomoni mwa Sondu siku ya mafuriko. Maji ya mto ni mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, na ya ziwa ni ya kijani, na yanakutana kwa mstari, unaweza kuweka mkono upande huu na mkono upande ule. Magugu maji yanapita kama visiwa, yamebeba viatu, machupa, vyura. Ouma hakufanya utani hata mara moja. Tulishusha wavu. Mkondo ukaushika, kamba ikalia kwiii, boti ikainama. Macho yangu yalikuwa kwenye kiraka tu. Kulikuwa na mti mzima unakuja, nikapiga kelele, Ouma akakata kona, mti ukapita karibu tungeushika majani. Hapo ndipo Daktari aliponiuliza tuuvute ama tungoje. Kiraka kilikuwa kimetuna kama shavu la mpuliza baragumu, lakini mshono umelala sawa, manjano yake inang'aa ndani ya maji yale mekundu. Nikasema tungoje.

Tuliuvuta ukiwa mzima. Mara ya kwanza, ya pili, siku nzima. Mzima!

Maabarani hawakuona unyuzi wangu wa buluu tena. Za manjano walipata chache wakazihesabu kando. Na yaliyobaki sasa yalikuwa ya mto kweli: vipande vya magunia, ngozi za mifuko, manyoya ya nguo, punje za rangi. Daktari alisema ndiyo mara ya kwanza anaamini kila anachokiona.

Halafu wakaja kupima huku kwetu, Seme. Mama, hapa nitakwambia taratibu.

Ufuoni kwetu walipata vijipande vifupi vya kijani na buluu, vimekatwa ncha zote mbili kwa makasi. Si manyoya. Ni vya kukatwa. Unajua ni nini. Kila fundo tunalomaliza tunakata mkia wa uzi, na tunauacha uanguke pale pale tulipokaa, na maji yakipanda yanauchukua. Umefanya hivyo maisha yako yote, nami nimefanya pamoja nawe. Nilikumbuka yule ngege uliyempasua siku moja ukakuta uzi wa kijani tumboni, ukaniinulia kwa kisu, "Ero! Ona! Huyu alikuwa anakula wavu ulionuiwa kumkamata!" Tulicheka hadi Pamela akaja kuuliza kuna nini. Sikulaumu. Hakuna aliyetuambia. Lakini nilikaa kwenye kibanda siku ile nikiangalia sakafu, na kila mahali nilipoweka jicho kulikuwa na kipande.

Niliomba Daktari aniruhusu nieleze watu wetu mimi mwenyewe. Mkutano ulifanywa palepale tunapoanikia dagaa wa omena. Walikuja wengi. Nilibeba kisahani cha kioo chenye vile vijipande.

Okumu alisimama kabla sijamaliza. "Kwa hivyo sasa ni sisi tunachafua ziwa? Na chupa zote zinazoteremka na mito?"

"Mito inaleta, Mzee, nimeona kwa macho," nikamjibu. "Mengi kuliko haya. Daktari ameyaandika na serikali itayasoma. Lakini haya ya kwenye kisahani hayakuletwa na mto. Haya ni yangu. Nimeyakata kwa mkono huu."

Wengine waliondoka wakinung'unika. Lakini akina mama wa omena hawakuondoka, na swali lao ndilo lililonitia hofu. Min Otis, mama yake Otis, yule wa sauti kubwa, alimuuliza Daktari: "Mkitangaza omena ina plastiki, nani atanunua? Watoto wetu watakula ripoti?"

Daktari Mutheu hakuwapaka mafuta. Alisema hajui bado kama omena inadhurika au mtu anayeila anadhurika, na ndiyo maana anatafuta. Aliwaahidi kwamba majibu yakitoka wao watayasikia kwanza, kutoka mdomoni mwake, si redioni. Min Otis akasema, "Basi njoo wewe mwenyewe. Usitume mtu." Na Mama, amekuja! Mara mbili tayari, bila majibu yote, kuwaambia tu wamefika wapi. Mara ya pili walimpikia.

Sasa kila kibanda cha nyavu kina mkebe wa vipande vya uzi. Si wote wanautumia. Okumu anautumia nikiwa namwangalia tu. Pamela amekataa kabisa kutoa debe lake la majani ya chai, anasema sayansi ilete madebe yake. Ni sawa. Nafagia mwenyewe jioni kabla ya maji kupanda.

Na habari ya mwisho ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu leo. Wizara imesoma ripoti. Kazi inaendelea! Na si Sondu peke yake, ni mito mingine na ufuo wote wa upande wetu. Watahitaji nyavu zaidi, na Daktari amewaambia mkia na mishono yake ishonwe hapa hapa. Barua imekuja kwangu, ya mhuri, bahasha ya kahawia, jina langu limeandikwa kwa taipu: Bi. Akoth, fundi wa nyavu. Fundi! Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampelekea Min Otis aisome kwa sauti ili nisikie inavyosikika ikitoka kwa mtu mwingine.

Wewe hukuwahi kuniita hivyo. Hata mwaka ule wa mwisho, presha imekulaza hospitalini Kombewa, wavuvi walipokuja kukuona uliwaambia, "Nendeni kwa mwanafunzi wangu, yuko kibandani." Niliumia siku ile, nikuambie ukweli. Nilitaka jina lile lingine kabla hujaondoka. Sasa nimelipata, lina mhuri, na kumbe halikuwa dogo lile ulilonipa.

Nakuahidi hivi. Nitashona kila wavu watakaonipa kana kwamba utaupitia kwa kidole. Nikikosea nitasema, hata chumba kiwe na furaha kiasi gani. Na atakayekuja kwangu kujifunza nitamwambia jina lako kabla sijampa sindano.

Lala salama, Mama. Oriti, kwaheri.

Mwanafunzi wako,
Akoth